Nyumba moja, vifua viwili

Katika nyumba yetu ya Wete, Pemba, kuna chumba chenye vitanda viwili. Cha dirishani hulala baba yangu, cha ukutani hulala mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wote wawili pumzi zao si nzima. Wageni wanaokuja kuwatizama husikia kifua cha mzee kikipiga filimbi, humsikia kijana akizungumza kwa kukata maneno, kisha huwapa wote ushauri mmoja: watafutieni oksijeni. Tangu ile miaka ya korona, oksijeni imekuwa dawa ya kila baraza. Mitungi inajulikana, kipimo cha kubana kidole, kinachosoma asilimia ya oksijeni katika damu, kinajulikana, na utawakuta wazee wanaocheza bao wakiambizana kuwa 95 ni salama na 80 ni hatari. Sina ugomvi na elimu hiyo. Ila oksijeni hiyo hiyo, ikifunguliwa tu bila kujua kifua kina maradhi gani, inaweza kumtia mpwa wangu usingizi asioamka, na hata baba ikamlegeza vibaya.

Mimi si daktari. Nasomesha sayansi skuli ya sekondari, na haya nimeyapata kwa wauguzi, kwa mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo mwenye subira ya ajabu, na kwa kusoma usiku wakati wa zamu yangu ya kukesha. Tuna upungufu wa mashine, hilo halifichiki. Lakini mara nyingi nimeona mashine ipo, mtungi upo, mkono wa kusaidia upo, na kinachokosekana ni mtu wa kuuliza: huyu pumzi zake zinakwama wapi?

Chukua mvukuto wa mhunzi. Mmoja mikono inayouvukuta ina nguvu zake, lakini mdomo wake umejaa masizi na upepo hautoki. Huyo ni baba. Mwengine mrija wake ni safi kabisa, ila mikono ya anayeuvukuta imelegea. Huyo ni mpwa wangu. Moto unafifia kwa wote wawili, na fundi atakayezibua masizi yasiyokuwepo atakuwa amepoteza siku yake na ya mwenye moto.

Nimalize habari za mzee kwanza, maana wa aina yake ni wengi na pengine nawe unaye nyumbani.

Baba alikuwa mchoma chokaa. Tanuri hupangwa magogo kwa duara, mawe ya matumbawe yakawekwa juu yake, moto ukawashwa, na moshi hauishi mchana wala usiku mpaka mawe yaive. Juu ya moshi huo akaongeza sigara. Akirudi nyumbani anakuta jiko la kuni na makumbi ndani ya banda lisilo na dirisha. Watu wanasema ana pumu, na dawa baadhi ni zile zile, lakini pumu huja na kuondoka, na ikiondoka njia za hewa hufunguka. Baba ana ugonjwa sugu wa mapafu, na njia zake hazifunguki tena zote. Hewa huingia, ikashindwa kutoka. Inabaki imenaswa ndani, kifua kinatuna, na hewa mpya haina pa kukaa. Ndiyo maana akipanda ngazi tatu za baraza anasimama, anashika magoti, anainama mbele. Hakufundishwa na mtu. Mkao huo unaipa misuli ya shingo na mabega nafasi ya kusaidia mbavu.

Kilichofundishwa ni kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Midomo ikibanwa, shinikizo kidogo hubaki ndani ya mirija midogo na kuizuia isijifunge kabla hewa haijatoka. Jambo la bure, na baba aliliona la kitoto mpaka siku alipotembea hadi msikitini bila kusimama njiani.

Pampu ya dawa ya kuvuta nayo ina mambo yake. Mzee anabonyeza, anavuta baadaye, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Suluhisho ni chombo cha katikati kinachoishika dawa ili aivute kwa utulivu. Cha dukani kikikosekana, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha: toboa kitako tundu linalobana sawasawa mdomo wa pampu, mgonjwa avutie mdomoni mwa chupa. Si ubunifu wa uchochoroni. Watafiti wa Cape Town waliipima chupa hiyo kwa watoto wenye pumu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakakuta inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua.

Halafu kuna kipepeo. Baba akibanwa, dada huchukua kipepeo cha ukindu akampepea usoni, na mzee hutulia kabla hata dawa haijafanya kazi. Nilidhani ni mapenzi tu ya mtoto kwa baba yake, kumbe lipo zaidi ya hilo. Upepo wa baridi kwenye mashavu na pua huamsha mishipa ya fahamu ya uso, na ubongo hupunguza ile hisia ya kukosa hewa. Umefanyiwa majaribio ya kitabibu, kwa feni ndogo za mkononi. Sisi vipepeo tunavisuka wenyewe.

Vita vikubwa vilikuwa vya ubani. Usiku wa kuamkia Ijumaa nyumba ya Kipemba bila chetezo inaonekana haina wenyewe, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akidai udi, kisha anakohoa mpaka alfajiri. Dada alihamishia chetezo uani, pamoja na ile dawa ya mbu ya kuchoma. Jiko la makumbi nalo likatoka nje. Baba alinung'unika kwamba nyumba imepoa.

Na Ramadhani? Wanavyuoni wana kauli tofauti kuhusu pampu na saumu. Baba alikwenda kwa shekhe wake akitaka ruhusa ya kuacha dawa mchana, shekhe akamsomea aya inayompa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, au kutoa fidia kama hana matumaini ya kupona. Hakupenda jibu, ila alilitii. Oksijeni kwake hutolewa kwa kiasi, kipimo cha kidole kikisoma kati ya 88 na 92. Ikipandishwa hadi 99 hapati faida yoyote, na hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi, inaweza kumjaa mwilini. Muuguzi asiyejua huona 90 akaongeza mtungi, kwa nia njema kabisa.

Sasa kijana.

Ana Duchenne. Ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli yote, umepewa jina la daktari wa Kifaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860, na huwapata takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 3,500 hadi 5,000. Kasoro iko kwenye kromosomu X. Kwa hivyo mama anaweza kuibeba bila kuugua, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Alianza kuanguka anguka darasa la kwanza. Vigimbi vya miguu vilikuwa vinene, watu wakimsifu atakuwa mchezaji mpira, na huku akitaka kuinuka kutoka kwenye mkeka anajipandia mapaja kwa mikono. Damu yake ilipopimwa, kimeng'enya cha misuli kinachoitwa CK kilikuwa juu mara nyingi kupita kawaida. Kutembea kuliisha alipokuwa na miaka 11.

Sisi tulikuwa na kaka. Miaka ya tisini, hapa hapa Wete, aliacha kutembea, akawa anabebwa mgongoni kwenda chuo cha Kurani, akafariki hajaota ndevu. Watu walisema kifua. Ilipojulikana ya mpwa wangu ndipo tulipoelewa ya kaka, na ndipo mama yangu, kisha dada yangu, wakabebeshwa maneno na watu wa upande wa pili ambayo sitayarudia hapa. Niseme tu kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa hawa mama zao hawabebi chochote, kasoro imezuka upya kwa mtoto. Na kwa wale mama wanaobeba, badala ya kulaumiwa wangepelekwa kupimwa moyo, kwa sababu baadhi yao moyo nao hudhoofika. Dada yangu alipimwa baada ya miaka mingi ya kusemwa.

Aliyegundua kwamba pumzi za kijana zinapungua ni maalim wake wa chuo. Aya ya mwisho ya Alhamdu ni ndefu, na mtoto aliyezoea huimaliza kwa pumzi moja. Mpwa wangu alikuwa na sauti nzuri na pumzi za kutosha. Maalim akaona ameanza kusimama katikati ya aya, kisha akawa anasimama mara mbili, na katika sura ndefu anameza herufi za mwisho. Alimwita dada akamwambia: "Mama, mwanao hasahau. Pumzi zinamuishia." Hospitalini wana kipimo kinachofanana na hicho: mgonjwa avute pumzi moja ya nguvu kisha ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Mwenye afya hupita 30 bila taabu. Asiyefika 15 anatakiwa aangaliwe haraka. Kwa mwenye Duchenne, au mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaopoozesha ghafla, au yule ambaye misuli yake huchoka kadiri siku inavyosonga, hesabu hiyo inaweza kukuamsha kabla kipimo cha kidole hakijaonesha chochote. Kidole huchelewa. Kidole hupima oksijeni, na oksijeni kwa watu hawa ndiyo ya mwisho kushuka.

Baada ya sauti zikaja shida za usiku. Anaamka mara nyingi, jasho linamtoka, anasema kuna mtu amemkalia kifuani. Asubuhi kichwa kinamgonga, chai haitaki, darasani anasinzia. Majirani walisema jinamizi. Aliandikiwa kombe akanywa, akasomewa, na sina la kusema juu ya hayo, kwa sababu dada alipata nguvu za kuendelea kupitia hapo. Lakini mzigo wa kifuani ulikuwepo kweli. Usingizi wa ndoto hulegeza karibu misuli yote ya mwili na kuiacha diaframu, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ifanye kazi peke yake. Mtu mzima wa afya hajui hata kama hilo hutokea. Mwenye diaframu dhaifu, aliyekuwa akijisaidia kwa shingo na mbavu mchana kutwa, usiku anaachwa bila msaidizi. Hewa anayovuta inapungua, kabonidayoksaidi inajikusanya, ubongo unamgutusha. Kichwa cha asubuhi ni cha hewa chafu hiyo.

Unaweza kuliona kwa macho. Mlaze mgonjwa chali, tizama tumbo. Sote tunapovuta pumzi tumbo hupanda. Kwa mwenye diaframu iliyoshindwa, tumbo huingia ndani kifua kinapopanuka. Ndiyo maana hawa hawawezi kulala chali, wanataka mito mitatu, minne.

Mwaka mmoja, wakati wa pepo za kusi, alipata mafua yakashuka kifuani. Tulimpeleka hospitali, sitaitaja, kwa kuwa lililotokea lingeweza kutokea popote. Kidole kilisoma 86. Akatiwa mipira ya oksijeni puani, ikapanda 98, sote tukashusha pumzi. Baada ya saa kadhaa alikuwa amelala vizuri, kimya, uso umeiva wekundu. Dada akamwita, hakuitika. Akamtikisa, akafungua jicho moja akalifunga. Kipimo bado 98! Daktari kijana aliyekuwa anaingia zamu alimtizama tumbo, akauliza ana ugonjwa gani wa asili, kisha akapunguza oksijeni na kuomba Ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Akaanza kumbonyezea hewa kwa mkono, taratibu, akimsubiri kila anapovuta. Sijui aliendelea muda gani. Kijana alizinduka akauliza kama Yanga wamecheza.

Alichokielewa daktari yule kwa kutizama tumbo, dunia ilikilipia kwa gharama kubwa. Mwaka 1952 polio iliuvamia mji wa Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ikajaa wagonjwa waliopooza misuli ya pumzi, na kati ya 31 wa mwanzo, 27 walikufa. Oksijeni walipewa. Midomo haikuwa ya buluu. Walitoka jasho, shinikizo la damu likapanda, fahamu zikaondoka. Vipimo vya damu viliwafanya madaktari wadhani ni kasoro nyengine isiyoeleweka, mpaka daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliposema kuwa hiyo ni kabonidayoksaidi iliyokosa pa kutokea. Mwezi wa Agosti alimchukua msichana wa miaka 12 aliyekuwa mahututi, akapitisha mrija kooni, akamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira. Msichana alinusurika. Mashine za kutosha hazikuwepo, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapata 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu kandoni mwa vitanda wakibonyeza mifuko usiku na mchana, kwa miezi. Vifo vikashuka chini ya nusu. Wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo zilizaliwa hapo, katika viganja vya wanafunzi. Miaka minne baadaye, 1956, huko huko Denmark, mhandisi Holger Hesse na daktari Henning Ruben walitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe bila mtungi wala umeme. Huo ndio Ambu unaoning'inia katika vyumba vya kujifungulia vya hospitali zetu, watu wakidhani ni wa watoto wachanga tu.

Mpwa wangu sasa analala na mashine ya barakoa, ile wanayoiita BiPAP. Ilitoka Muscat, kwa binamu yetu aliyeko huko, imetumika kidogo na mgonjwa mwengine. Mpemba asiye na ndugu Oman aombe Mungu ampe. Mashine haitoi oksijeni. Inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa nguvu anapovuta, inalegeza anapotoa, na akisahau kuvuta inamvutia. Nguvu hizo zilipangwa na bingwa Dar es Salaam, na sisi hatugusi vitufe hivyo hata kwa dawa. Atakayenunua kifaa hiki mtandaoni akajipangia mwenyewe anatafuta balaa. Siku za mwanzo kijana aliichukia. Hewa ilimvuja machoni, daraja la pua likachubuka, akaivua kila saa. Tulibadilisha barakoa, tukaweka kipande cha plasta ya kitambaa puani, tukawa tunaivaa mchana kwanza wakati anatizama mpira. Ilipokubali, kichwa cha asubuhi kiliondoka. Akaanza kudai mandazi kabla chai haijachemka. Kwa wagonjwa wa Duchenne, mashine hii ya usiku, pamoja na dawa za moyo, ndiyo iliyowavusha wengi kutoka kufa kabla au karibu na miaka 20 hadi kufika mwisho wa ishirini na thelathini na kitu. Haiponyi misuli. Inafanya kazi ya misuli.

Kaka yetu asingeweza kuitumia hata angeletewa. Wakati ule Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme ulikuwa mgeni wa kuja na kuondoka. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliwashwa mwaka 2010. Mwaka huo huo Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka gizani, baada ya miezi mitatu bila umeme tangu Disemba 2009, kwa hivyo asituambie mtu kwamba kisiwa kikubwa kimesalimika. Sisi tunanunua uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiwa bado hazijafika chini, na chini ya kitanda kuna betri na paneli ya jua juu ya bati. BiPAP bila kile kifaa cha kupasha maji hula umeme karibu sawa na feni. Mashine ya kutengeneza oksijeni hula mara kadhaa ya hapo, na hiyo betri yetu haiiwezi. Familia inayopanga kununua, ipige hesabu hiyo kabla ya kulipa.

Lakini kinachowaua wengi wa aina yake ni kohozi. Ili mtu akohoe lazima avute hewa nyingi, afunge koo, kisha misuli ya tumbo isukume kwa ghafla. Mpwa wangu hana cha kwanza wala cha tatu. Balghamu inakaa, anaisikia inavyotembea kifuani, hawezi kuitoa. Nguvu ya kikohozi hupimwa kwa kile kibomba cha plastiki cha wagonjwa wa pumu, kinachouzwa bei nafuu: mgonjwa akohoe ndani yake. Mtu mzima mwenye nguvu hupita lita 360 kwa dakika. Chini ya 270, mafua ya kawaida yanaweza kumlaza hospitali. Chini ya 160, kikohozi chake hakitoi kitu. Cha kijana kilikuwa hakifiki 200.

Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kurundika pumzi. Kijana anakaa wima, anatia mdomoni kipande cha Ambu chenye kizuizi kisichorudisha hewa. Anavuta, nabonyeza. Haitoi. Anavuta tena juu ya ile ya kwanza, nabonyeza, na ya tatu, mpaka kifua kimejaa, anabana koo. Dada ameweka viganja chini ya mbavu zake. Kijana anatoa ishara kwa macho, anakohoa, na dada anasukuma ndani na juu kwa wakati ule ule. Kibomba kikapita 270. Mara ya kwanza kohozi lilipotoka dada alilia. Tunafanya asubuhi na jioni, kamwe si baada ya kula, na akiwa na mafua tunafanya kila anapotaka, hata usiku wa manane. Tumejiwekea kanuni: kidole kikishuka chini ya 95, kwanza tunatoa kohozi na kumvisha mashine. Kisipopanda, tunamkimbiza hospitali. Hatuendi kwenye mtungi moja kwa moja.

Ambu hiyo haimgusi baba. Mapafu yake yana sehemu zilizotanuka na kuwa nyembamba. Kuyarundikia hewa kunaweza kuyapasua, hewa ikatoka nje ya pafu, na hiyo ni ajali ya dakika chache. Mzee hupenda kututania kwamba tunamfanyia mjukuu mambo mazuri na yeye tunamnyima. Kuna mambo ya upande wa pili pia. Dawa za maji za kuzuia kikohozi, zinazouzwa kila duka la dawa, kwa kijana ni adui. Kikohozi chake ndicho tunachokitafuta kwa tochi. Vidonge vya usingizi ndiyo kabisa.

Lipo ambalo halijaamuliwa. Siku itafika barakoa haitatosha usiku peke yake, na baadaye pengine hata mchana. Madaktari wataleta habari ya kutoboa koo na kuweka mrija wa kudumu. Mrija huo huongeza miaka, na huongeza kazi: kufyonza makohozi saa zote, mtu wa kukesha kila usiku, hatari ya kuziba wakati umeme haupo na fundi yuko Unguja. Dada hataki mazungumzo hayo yafanyike ndani ya nyumba. Kijana ana miaka 17 na anayataka. Aliniambia, kwa sentensi fupi fupi zinazokaa ndani ya pumzi zake: "Mjomba. Nataka nisikie mimi. Siyo nisimuliwe." Nimeahidi kumpeleka kwa bingwa akiwa mzima, siyo akiwa mahututi, kwa sababu mahututi haulizwi.

Kwa sasa tuna karatasi. Inakaa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na Ambu, kwa ajili ya yeyote atakayekuwa zamu usiku tukimfikisha. Tumeiandika kwa herufi kubwa. Ana Duchenne, mapafu mazima, misuli dhaifu, moyo dhaifu. Asilazwe chali. Asaidiwe kukohoa kwanza. Oksijeni isitolewe peke yake bila mashine yake ya barakoa. Ikilazimu, iwe kidogo na mtu akae naye. Asipewe dawa ya usingizi. Akihitaji upasuaji, asipewe ile dawa ya kulegeza misuli iitwayo saksinilikolini, kwa sababu kwa wenye Duchenne inaweza kuusimamisha moyo. Baba anayo yake, mistari miwili: ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni mwisho 92.

Kijana alipoisoma ya kwake alisema haijakamilika, akaniamrisha niongeze mstari chini: "Mgonjwa anasikia na anajibu. Muulizeni yeye kwanza, halafu mjomba." Nimeuongeza. Nyuma ya karatasi kuna namba mbili za simu, ya dada juu, yangu chini.